Hesabu Mbavu Kabla ya Kulipa: nakala za michoro mitatu ya Kichina

Nakala za kuchapwa za michoro ya watiifu wa Song, nasaba ya wafalme wa China, huuzwa kwa namna mbili: karatasi bapa ya fremu, au gombo la kuviringisha. Usizipime kwa uzuri wa rangi. Wachoraji hawa walificha msimamo wao katika vitu vidogo, na mchapaji akivipoteza unabaki na picha ya farasi mgonjwa.

Farasi huyo ni wa Gong Kai, aliyeishi kuiona Song ikimalizwa na Wamongolia mwaka 1279. Maandishi yake yanaeleza kwamba farasi wa kawaida ana mbavu kumi na ushei, lakini farasi wa kukimbia li elfu moja (li ni kipimo cha umbali cha Kichina) hufikisha 15, nazo hazionekani mpaka akonde. Basi zihesabu. Wachapaji hupenda kukoleza wino uwe mweusi ti, na vivuli vya ubavuni vikaungana kuwa doa moja. Ukipata mbavu 10, umeuziwa farasi wa kawaida.

Okidi ya Zheng Sixiao, ya mwaka 1306, ina majani machache tu, lakini ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mmea unaelea bila udongo, kwa kuwa ardhi imekwisha kuporwa na Wamongolia. Ule utupu ndio mchoro wenyewe. Nakala iliyokatwa pembeni ili maua yajaze fremu haifai hata kwa bure. Mchoro wa asili ni sm 25.7 kwa 42.4: pima uwiano. Kisha tazama tarehe upande wa kushoto. Sehemu yake iligongwa kwa ubao wa kuchapia, na nafasi za mwezi na siku zikajazwa kwa brashi. Nakala nzuri inaonyesha tofauti hiyo. Karatasi nayo ibaki na uchakavu wake. Ikisafishwa kuwa nyeupe pe, mihuri hupauka pamoja nayo.

Kwa Li Tang, chukua gombo. Alihamia kusini baada ya Kaifeng, mji mkuu wa Song, kuanguka mwaka 1127, akawachora Boyi na Shuqi, wana wa mfalme waliokula majani ya porini mlimani Shouyang hadi wakafa kwa njaa, kuliko kugusa nafaka ya Zhou, nasaba iliyoipindua ile waliyoitii. Kazi hii ya hariri, sm 27.2 kwa 90.5, imefifia kwa umri, kwa hiyo faili hafifu huzalisha tope. Dai ukubwa halisi na nukta 300 kwa inchi, kisha tafuta sahihi ya mchoraji kwenye mwamba, pamoja na kikapu na jembe dogo kando ya ndugu hao. Usipoiona sahihi, rudisha.

Ukinunua moja tu, iwe okidi bapa: ndogo, ya wino, haina mengi ya kukosewa na mchapaji makini.

Gombo lina tatizo lake, nalo ni gundi. Lililobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano hulala bapa. Gundi ngumu ya dukani hukauka na kusinyaa tofauti na karatasi, kingo zikajikunja juu baada ya miezi michache. Fungua kuanzia kulia, upana wa mabega kwa wakati mmoja, na unapolirudisha viringisha kutoka kushoto bila kubana. Likibanwa sana, wino wa kuchapwa hupasuka kwenye mikunjo.