Kabureta ya Land Rover 109 ya petroli: ipi ununue kwanza, ipi uiache mwisho

Wenye Land Rover Series III za petroli hapa Mwanza, iwe 88 (fupi) au 109 (ndefu), kilio chetu ni kimoja, gari inakunywa mafuta, moshi mweusi, ukisimama mataa sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, fundi anafungua boneti anaangalia dakika mbili anasema kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imekufa nunua nyingine. Ngoja kwanza. Platini (za kuwasha cheche) zilizoisha, plagi chafu au manifoldi (bomba la kuingiza hewa na petroli kwenye injini) inayovuta hewa pembeni vinaleta baadhi ya dalili hizohizo, kwa hiyo angalia hivyo kabla hujatoa hela. Alafu kuna kitu watu hawakifikirii kabisa, Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 10 hivi kuliko Dar, kabureta iliyosetiwa kule pwani ikija huku inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Hiyo sio ubovu, ni kuseti.

Haya, ukishajiridhisha ni kabureta kweli, namba moja kwangu ni ile ile uliyonayo. Nasema ukweli. Injini hii ya cc 2,286 kwenye Series III imekuja na Zenith 36 IV, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: kifuniko cha juu kinapinda kwa sababu mafundi wanakaza skrubu mpaka basi, kikishapinda ile oringi (pete ya mpira) ndogo ya ndani haizibi tena, petroli inapita njia ya panya na kuingia bila kupimwa. Ndo maana unarekebisha skrubu ya sailensi wee na hakuna kinachobadilika. Dawa yake nunua kiti (seti ya vipuri) ya gasketi na oringi, alafu weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, kioo sio meza maana meza haijanyooka, sugua uso wa kile kifuniko taratibu kwa kuzungusha mpaka uone unang'aa sawa kila sehemu, ukiona bado kuna doa jeusi katikati jua hapo ndo palipopinda, endelea. Rudishia skrubu kwa kukaza kidogo kidogo kwa kupishanisha. Kitu kimoja tu kinachoweza kukukatisha tamaa ni ekseli ya kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ishike uitikise, kama inacheza sana basi inavuta hewa na hiyo kiti haitakusaidia, hapo sasa ndo ununue.

Na ukinunua, namba mbili ni Weber 34 ICH mpya. Ni ndogo, rahisi, haina mambo mengi, jeti zake (vitundu vinavyopima petroli) zinapatikana na fundi yeyote wa Nyakato aliyeshika kabureta za zamani ataielewa. Wengi waliofunga wanasifia ulaji wa mafuta, ila nguvu ya juu inapungua kidogo, ukiwa na mzigo unapanda kilima cha Bugando utaisikia. Uliza muuzaji kabla hujalipa kama inakuja na pleti ya kuikalisha kwenye manifoldi, kona ya kupokea mpira wa hewa na viungo vya kuunganisha akseleta, maana ikija kabureta tupu utaanza kuchongesha vitu kwa welda na hapo ndo hewa inapopenyea.

SU naiweka namba tatu, sio kwa ubaya, ni kabureta nzuri sana, pistoni yake inapanda na kushuka kulingana na hewa injini inayovuta kwa hiyo gari inaenda laini. Shida ni gharama ya kuibadilishia kila kitu, na inataka mtu anayekumbuka kuongeza oili kwenye kile kichupa cha juu. Kama fundi wako hajawahi kuiona, achana nayo.

Zile kopi za Zenith za bei rahisi ni namba nne. Nyingine zinafanya kazi nyingine balaa, zinatofautiana hata zikiwa kwenye boksi moja. Ukilazimika, ifungue kabla ya kufunga, pima kifuniko juu ya kioo kama nilivyosema, toa jeti zake uweke zile orijino kutoka kwenye kabureta yako ya zamani. Na ile ya zamani usimpe fundi aende nayo bana, hata ikiwa imekufa ni spea.

Ya mwisho kabisa ni kuchukua kabureta ya mtumba ya Toyota na kuichomelea pleti. Najua mtaani zipo na zinatembea, ila jeti zake zilipimwa kwa injini nyingine na utaishi kwa kurekebisha.

Yoyote utakayofunga, weka filta mpya ya petroli kabla yake, hasa kama unajaza kwa vidumu ukienda visiwani au vijijini, maji na mchanga ndo vinaua jeti. Acha injini ipate moto kabisa ndo useti sailensi, endesha kwa kasi ya kawaida mpaka Usagara, zima, toa plagi uziangalie: rangi ya kahawia ni sawa, nyeusi ya masizi makavu punguza petroli, nyeupe rudi haraka uongeze kabla hujachoma valvu.