Scrivener kwa riwaya ya ukoo: stoo nzuri sana, mpangaji kurasa wa kubahatisha

Kwa riwaya ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, programu yoyote ya kuandikia inatosha. Riwaya ya kihistoria inayotokana na ukoo wako ina mambo yake. Una rekodi za bibi, una barua ulizozipiga picha, una cheti cha ndoa chenye mwaka usioafikiana na masimulizi ya mtu yeyote nyumbani, na juu ya hayo yote una maneno yako mwenyewe uliyoyatunga usiku. Vyote vinataka kukaa pamoja bila kuchanganyika. Hiyo ndiyo kazi niliyoipa Scrivener, programu ya kuandikia vitabu, na kwa kazi hiyo sijaona cha kuishinda. Kupanga kurasa za kitabu cha karatasi ni hadithi nyingine, nitaifikia.

Kitabu changu kinamhusu babu, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli. Nilianza na picha moja: amesimama kando ya injini ya mvuke, amevaa koti linalomzidi mabega, mikono ya koti imefika kwenye vidole. Bibi anasema koti lile liliazimwa kwa ajili ya picha. Shangazi anaapa kwamba babu alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza na hakutaka lipunguzwe. Mimi naandika riwaya, kwa hiyo nina ruhusa ya kuchagua, ila nataka miezi ikipita niweze bado kuona kwamba hapa nilichagua, na nilikataa nini.

Scrivener inakusaidia hapo kwa njia rahisi. Mswada haukai kama faili moja refu. Kila tukio ni kipande chake, vyote vimeorodheshwa pembeni, na unavivuta juu au chini upendavyo. Chini ya mswada kuna sehemu ya utafiti, ambayo haiingii kitabuni hata kidogo: picha, PDF, sauti, kurasa za wavuti. Unagawa skrini mara mbili, picha ya koti juu, tukio la koti chini, unaandika huku unaangalia kifungo kilichokatika.

Kwa rekodi za sauti ndipo nilipoipenda kabisa. Mazungumzo ya bibi yanacheza nusu moja ya skrini, nusu nyingine unanukuu, na unasimamisha na kuendeleza sauti kwa kibodi bila kugusa kipanya. Ukishawahi kunukuu mzee anayerudi nyuma katikati ya sentensi ili kukumbuka jina la mbuzi, utajua thamani ya jambo hilo.

Kila kipande kinaweza kupewa lebo ya rangi. Nimeweka kijani kwa tukio lenye hati, njano kwa lililosimuliwa, nyekundu kwa nililolitunga mwenyewe. Nilidhani rangi hizi zitanilinda nisidanganye. Zilinionyesha jambo jingine: sura zilizojaa kijani zilisomeka kama mwenendo wa kesi, na zile zenye nyekundu ndizo zilizokuwa na watu ndani. Tangu hapo, nikiona kijani kimefuatana mno naenda kuharibu.

Katika toleo la 3 unaweza pia kuongeza safu zako mwenyewe, pamoja na ya tarehe. Nimeweka tarehe ya tukio na umri wa mhusika siku hiyo, vyote vinaonekana kwenye jedwali moja la muhtasari. Jedwali hilo ndilo lililofichua kwamba mama mkubwa, ambaye kwa masimulizi ya ukoo alibeba sanduku la bibi harusi, siku ya harusi alikuwa hajazaliwa. Cheti hakibishaniwi. Lakini tukio la sanduku ni zuri mno, kwa hiyo nimeisogeza harusi mbele na kulieleza hilo katika maelezo ya mwandishi mwishoni mwa kitabu. Mama mkubwa bado hajaambiwa.

Kuna zana ya kubadilisha neno katika mradi mzima, na waandishi wa mambo ya ukoo wataihitaji siku watakapoamua kuficha majina ya walio hai. Kuweni macho. Kama shangazi anaitwa Neema au Rehema, kompyuta haitofautishi shangazi na baraka, na dua yote ya mazishi inaweza kugeuka kichekesho. Hata ukiiagiza iheshimu herufi kubwa, sentensi inayoanza kwa neno hilo itanaswa. Kabla ya kugusa chochote, piga nakala ya papo kwa papo ya vipande vyote. Programu inazihifadhi nakala hizo pembeni ya kila kipande, unalinganisha la zamani na jipya, unarudisha ukitaka.

Kasoro sasa. Menyu hazina Kiswahili, na kikagua tahajia kikibaki kwenye Kiingereza kitapigia mistari myekundu ukurasa mzima, basi kizime mapema. Mradi kwa ndani ni folda yenye faili nyingi ndogo. Ukiuweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, subiri usawazishaji umalizike kabla ya kuufungua kwenye kompyuta nyingine, la sivyo utajikuta na vipande vinavyogombana. Rekodi ndefu za sauti nazo zinaunenepesha mradi haraka.

Halafu kuchapisha. Programu inakusanya vipande vyote na kukutolea EPUB (faili la kitabu cha kielektroniki), PDF au faili la Word. EPUB yake ni safi, na huduma za kujichapishia kama KDP ya Amazon na Kobo Writing Life zinaipokea. Kwa kitabu cha karatasi sikubali PDF yake. Mkusanyo wenyewe una madirisha ndani ya madirisha, na ukimaliza bado kuna mistari pweke juu ya kurasa na nafasi pana kati ya maneno, maana Kiswahili kina maneno marefu na kinahitaji ukataji mzuri mwisho wa mstari. Nilitoa faili la Word nikamalizia kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka.

Hapo ndipo hesabu zinapoanza. KDP, kwa mfano, inataka ukingo wa ndani upanuke kadiri kurasa zinavyoongezeka: milimita 9.6 hadi kurasa 150, milimita 12.7 hadi 300, milimita 15.9 hadi 500. Unene wa mgongo nao unategemea kurasa na aina ya karatasi; kurasa 340 za karatasi ya rangi ya krimu zinafika kama milimita 21.6. Kwa hiyo msanii wa jalada asianze kazi kabla kurasa hazijatulia. Mchoro wa ukoo uwe na nukta 300 kwa inchi, na usiuweke katikati ya kurasa mbili, matawi ya kina babu wadogo yatamezwa na mshono. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya bure wanayotoa KDP inatumika kwao tu. Anayetaka kuchapa kwingine pia atafute yake.

Je, ninapendekeza? Kwa mwenye boksi la barua na rekodi, ndiyo, bila kusita. Aliye na simulizi moja kichwani na hati mbili, abaki na programu aliyonayo. Majaribio ni ya siku 30, na zinahesabiwa siku unazoifungua tu, kwa hiyo anayeandika wikiendi ana miezi ya kuamua. Ipo kwa Mac, Windows, iPhone na iPad. Wenye Android hamna toleo.