Jalen Green au Alperen Şengün?

Mwaka 2021 Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA Marekani, ikijijenga upya baada ya nyota wake James Harden kuondoka, ilipata vijana wawili wa miaka 19. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, Green alichaguliwa wa 2. Şengün, aliyetoka Beşiktaş ya Uturuki, alichaguliwa wa 16.

Kwa macho tu, ungemchukua Green: mbio, miruko, na siku mkono ukiwaka hakuna wa kumzima. Tatizo ni siku nyingine. Katika mtoano wa 2025, mfululizo wa michezo dhidi ya timu ya Golden State, alifunga pointi 38 mchezo wa pili, lakini akapotea karibu michezo mingine yote.

Şengün ni mzito wa miguu, na ulinzi wake ulizua maswali tangu mwanzo. Lakini ni senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) anayepiga pasi kama mchezesha timu. Mpira ukipita kwake, wenzake wote wanapata nafasi. Mfungaji hupatikana sokoni. Senta wa namna hii, kwa nadra sana.

Houston nayo iliamua hivyo: mwaka 2025 Green alipelekwa timu ya Phoenix katika mabadilishano yaliyomleta nyota Kevin Durant. Şengün akabaki.