Ziara ya Makaburi ya Masultani na Kisiwa cha Chapwani: Uzoefu Wangu

Nimekaa Mjini Unguja miaka kumi na saba, na karibu kila jioni ninaposhuka Forodhani kupunga upepo hukitazama Kisiwa cha Chapwani kilivyojilaza baharini, chembamba na kirefu, bila ya kuwahi kukikanyaga. Wageni wengi huelekea Changuu kuwaona makobe wakubwa, na sisi wenyeji ndiyo kabisa, hatuendi kokote. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa ipo kampuni inayouza ziara ya mchana hadi magharibi, inayoanzia kwenye makaburi ya masultani pale Mizingani na kumalizikia kwenye makaburi ya mabaharia Chapwani, nililipa shilingi elfu themanini kwa ajili yangu na elfu arubaini kwa mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na moja anayependa popo kuliko anavyopenda masultani. Ninaandika haya kwa ajili ya mwenyeji anayefikiria kutoa fedha hizo. Jibu langu fupi ni kwamba azitoe, lakini kwa sababu tofauti na ile iliyomo kwenye tangazo lao.

Tangazo lilisema saa nane kamili mchana. Tulianza saa tisa kasorobo, baada ya kuwasubiri wateja wawili ambao hatimaye hawakuja, na hakuna aliyetuomba radhi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu na sauti nzuri, ambaye alipojua kuwa ninasomesha historia skuli alianza kuniita Maalim, na nadhani tokea hapo hakupata tena raha.

Makaburi ya masultani yako ubavuni mwa Beit al-Sahel, kasri lililogeuzwa makumbusho mwaka 1994. Hapo ndipo alipozikwa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini Oktoba 1856 akiwa safarini kutoka Oman kurudi Unguja, na baadhi ya wanawe waliokalia kiti baada yake, wakiwemo Majid, aliyefariki 1870, na Barghash, aliyefariki 1888. Anayetarajia kuona kuba kubwa atasikitika. Kaburi la Seyyid Said limezungukwa na kuta za jengo lisilo na paa: Majid alianza kumjengea baba yake, na kazi ikasita kwa pingamizi la Waibadhi (madhehebu ya masultani wenyewe) wenye msimamo mkali, ambao hawaoni kuwa ni sawa kaburi la mtu yeyote, awe mfalme au mchukuzi wa bandarini, kupambwa na kuinuliwa. Kijana alilieleza jambo hili vizuri na bila ya haraka, kisha akatuachia dakika kumi za kuzunguka wenyewe kimya kimya.

Kimya chenyewe hakikuwepo, kwa sababu ya kunguru. Walikuwa juu ya ukuta wa kaburi, juu ya miti na juu ya paa la kasri, wakigombea kipande cha mkate wa ufuta kilichookotwa sijui wapi. Kunguru hawa wenye kijivu shingoni, ambao watu wengi mjini wanadhani ni wa asili, waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka za mji. Wakazaana, wakahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wadogo, na taka tukabaki nazo. Nilimwambia mpwa wangu kuwa Sultani Barghash alikufa kabla hawajaletwa, na hilo lilimkaa kichwani kuliko tarehe zote alizosikia siku ile.

Boti ilikuwa safi na jaketi za kuokolea zilitosha kila mtu, hata la mtoto lilikuwemo. Nahodha alikuwa mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Ilikuwa siku za maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia, na bahari ilikuwa imetulia kiasi cha kuweza kuzungumza bila ya kupaza sauti. Hapo katikati ya bandari ndipo kijana aliponyoosha mkono na kutuambia kuwa chini yetu ilizama meli iliyopigwa na Wajerumani katika vita vifupi kuliko vyote duniani, vya dakika 38, na kwamba mabaharia wake ndio tunaokwenda kuwazuru. Nilijizuia kwa muda, kisha nikashindwa.

Hizo ni meli mbili na vita viwili, na baina yake imepita miaka 18. Vita vya dakika 38 ni vya tarehe 27 Agosti 1896, na Wajerumani hawakuvipigana. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ya ridhaa ya Waingereza, na ilipopita saa tatu asubuhi manowari zao zikaanza kuyapiga yale majumba ya Mizingani tuliyotoka kuyazuru. Meli iliyozamishwa siku ile ni Glasgow, iliyokuwa mali ya Sultani, na milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi 1912. Meli ya pili, Pegasus, ni ya baadaye. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, iliikuta meli hiyo ya Waingereza imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, kwa hiyo Mjerumani alijiweka katika masafa ambayo makombora ya mwenzake yaliishia majini. Watu 38 wa Pegasus walikufa. Nadhani namba ndiyo iliyomponza kijana wetu: dakika 38 huku, maiti 38 kule, na bandari ni ile ile. Alinisikiliza, akatoa simu, akaandika, kisha akasema kwa upole, “Maalim, hivi ndivyo tulivyokaririshwa ofisini.” Sikuwa na la kumlaumu yeye. Kampuni inayouza historia kwa shilingi elfu themanini ingeweza kumpa mwongozaji wake karatasi moja iliyo sahihi. Na ingekuwa vyema karatasi hiyo iwataje pia watu wapatao 500 waliouawa au kujeruhiwa upande wa kasri mwaka 1896, kwani ziara nzima ilipita juu ya mahali walipoangukia bila ya kumtaja hata mmoja.

Chapwani tulifika maji yakikupwa, tukashuka magotini. Kisiwa kina hoteli ndogo ya binafsi na mtu hawezi kushuka anavyotaka, lakini ruhusa ilikuwa imechukuliwa mapema na hatukupata usumbufu wowote. Makaburi yamo kwenye kiwanja kidogo chini ya miti, mawe yameota ukungu wa kijani na kijivu, na baadhi ya maandishi hayasomeki mpaka uyapitishie kidole. Kisiwa kimetumiwa kuzikia tangu 1879, wakati ambapo manowari za Waingereza zilikuwa zikizunguka bahari yetu kuwakamata wasafirisha watumwa, baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku kwa mkataba wa 1873. Wengine waliuawa mapambanoni, wengine walichukuliwa na homa. Mbali na maofisa, wamo vijana wa kawaida kabisa wa chini ya sitaha, watu wa kuchochea makaa.

Kaburi nililolisimamia kwa muda mrefu ni la Kapteni Brownrigg wa HMS London, ile meli kubwa iliyokaa bandarini kwetu kuanzia 1874 hadi 1883 kama kituo cha manowari ndogo. Mimi ni mtu wa Wete, kisiwani Pemba, na Brownrigg aliuawa karibu na huko, Desemba 1881. Alilisogelea jahazi lililokuwa na bendera ya Ufaransa, bendera ambayo Waingereza hawakuwa na haki ya kuipekua, akitaka kuthibitisha karatasi tu. Ndani mlikuwa na watumwa, na wenye jahazi walimrukia kabla boti yake ya mvuke haijajiandaa. Nilipokuwa mdogo niliogelea katika bahari hiyo bila ya kujua habari hii, na imenibidi kuvuka mpaka kisiwa kingine ili niisome juu ya jiwe. Kijana hakuwa na habari ya Brownrigg hata kidogo.

Sasa niseme kilichonifanya nisijutie fedha zangu. Tukiwa bado tumesimama hapo, mpwa wangu alinivuta mkono wa kanzu. Hatua kama sita kutoka kwetu, baina ya mawe mawili ya makaburi, alikuwa amesimama paa mmoja ambaye mgongo wake haukufika gotini kwangu, masikio yamesimama, pua yenye maji ikichezacheza kama ya sungura. Alitutazama, akainama, akachuma jani moja lililoota ubavuni mwa jiwe, akalitafuna taratibu, kisha akaondoka bila ya haraka wala mlio. Nahodha, aliyekuwa ametufuata, alinong’ona kuwa mtu akikimbia nao hukimbia, na mtu akisimama nao husimama. Baadaye alituonyesha kaa wa nazi aliyejibana kwenye ufa wa mwamba, akisubiri giza. Tuliona gando moja tu la rangi ya buluu iliyoiva, nene kama kifundo changu cha mkono, na alimkataza mtoto asiingize kijiti, kwa kuwa gando linalofumua nazi halioni tabu kwa kidole.

Popo wako juu ya miti mikubwa, mamia kwa mamia, na harufu yao hukupokea kabla hujawaona. Wananing’inia kama vifuko vya ngozi vilivyosahauliwa kwenye kamba, lakini hawatulii: huyu anajipepea kwa bawa, yule anamsogeza mwenzake, mwingine analamba manyoya. Hapo kijana alifanya kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko lile la meli. Alipiga makofi kwa nguvu ili waruke na tupate picha. Baadhi waliruka kwa kelele, na nahodha, aliyekuwa kimya tangu Forodhani, alimwambia, “Wewe, waache wenye kulala walale.” Alitueleza kuwa wapo wanaobeba watoto vifuani, na wakishtuliwa mchana mtoto huweza kuanguka. Ningependa kampuni imlipe nahodha huyo kazi mbili. Popo hawa ndio wanaozungukia maua ya mbuyu usiku yanapofunguka, na mbegu nyingi za matunda husafiri matumboni mwao, kwa hiyo anayewapigia makofi anajipigia mwenyewe.

Nikiwatazama nilikumbuka nyumbani. Pemba ukiona kichaka cha miti mikubwa kimebaki peke yake katikati ya mikarafuu na mihogo, uliza, na aghalabu utaambiwa kuwa ni makaburini, hapakatwi kuni. Popo wa Pemba, ambaye si hawa wa Chapwani na hapatikani popote pengine duniani, aliwindwa hadi wakabaki wachache mno mwishoni mwa miaka ya 1980, na vichaka vya makaburi vilikuwa miongoni mwa makimbilio yao. Leo wameongezeka, na watu wanalipa kwenda kuwaona Kidike. Sidai kuwa Chapwani imekuwa hivyo hivyo, lakini niliposimama pale kivulini, na mji wote wa mawe na mabati ukionekana ng’ambo, sikuona ajabu kwamba paa wamechagua kulisha baina ya misalaba.

Kwa anayetaka kwenda: avae viatu vya kulowana, achukue dawa ya mbu, na aulize mapema kabisa boti itaondoka kisiwani saa ngapi. Tangazo liliahidi kuwa tutawasubiri popo watoke. Saa kumi na moja na robo kijana alianza kutuhimiza turudi, kwa kuwa ofisi ilikuwa imempangia kundi jingine la kutembeza Darajani jioni ile ile. Nilikataa, familia nyingine iliyokuwa nasi ikakataa, na ofisi ikapigiwa simu mara tatu. Suluhu ikatoka kwa nahodha: tupande botini, yeye atazima mashine karibu na kisiwa, na kundi la Darajani litasubiri kama tulivyosubiri sisi mchana.

Walianza kutoka jua lilipozama, mmoja, wawili, kisha mkururo mzima ukazunguka juu ya kisiwa mara mbili au tatu kabla ya kunyoosha kuelekea mjini, kimya kuliko kunguru wowote, mabawa yakienda taratibu juu ya maji yale yale waliyozama Glasgow na Pegasus. Mpwa wangu alihesabu kwa sauti hadi mia mbili na kumi na mbili, akapotea, akataka kuanza upya. Kijana, ambaye hakuwa tena na pa kukimbilia, alimwambia yeye amefika mia mbili na tisini.