Shokapu za Koni za njano kwenye Subaru yangu: misimu miwili ya autokrosi

Shokapu za kiwandani za Impreza WRX yangu ya 2003 zilikuwa zimekufa muda mrefu, ila sikujua. Barabarani gari lilikuwa laini na mimi nikauona huo ulaini kuwa raha. Siku niliyoliingiza kwenye autokrosi hapa Texas ndipo lilipojieleza. Nikikata kushoto linalalia kulia, na kabla halijainuka nimeshafika mahali pa kukata kulia. Mikono yangu ilitangulia na mwili wa gari ukafuata nyuma mzunguko mzima.

Niwaeleze kwanza mlioko nyumbani, maana autokrosi ya Kenya ni ya vumbi na hii ni ya lami. Wanachukua uwanja mkubwa wa maegesho, wanapanga koni za plastiki, na kila tukio lina njia yake mpya ambayo unaikagua kwa miguu asubuhi. Unakimbia peke yako ukishindana na saa. Mzunguko mmoja huisha ndani ya dakika moja hivi, na kila koni utakayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Kwa hiyo kinachoamua siku yako ni namna gari linavyobadilisha upande, tena na tena, kwa mwendo ambao ni mara chache kufika kilomita 100 kwa saa. (Koni za plastiki ni za chini, kwa herufi ndogo. Koni kwa herufi kubwa ni kampuni ya Uholanzi inayotengeneza shokapu, na shokapu zake za njano ndizo ninazozizungumzia.)

Ninakimbia daraja la Street la SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani. Sheria zake ni kali: springi lazima zibaki za kiwandani, tairi liwe na kiwango cha uchakavu cha 200 au zaidi (namba ikiwa kubwa, tairi linachelewa kuisha), na ile fimbo ya kuzuia gari kulala unaruhusiwa kubadilisha moja tu, ya mbele au ya nyuma. Shokapu lakini unaweza kubadilisha, mradi kila moja isiwe na vitufe vya kurekebishia ugumu zaidi ya viwili. Nilikuwa na dola 1,000, na humo humo zitoke za alaimenti.

Kishawishi cha kwanza kilikuwa zile seti za bei rahisi zinazokuja na springi zake na kushusha gari. Rafiki yangu alifunga seti ya namna hiyo, kampuni siitaji, akanipa gari nijaribu. Kitufe cha kurekebishia ugumu kilikuwa na milio, yaani hatua, zaidi ya 30. Nilizungusha kumi za mwanzo sikuhisi kitu, na za mwisho pia hakuna kitu. Tofauti yote ilikuwa imebanana katikati. Msimu haujaisha, mbili zikaanza kutoa mafuta. Na kwa springi zile alikuwa ameshatoka kwenye daraja letu, anashindana na magari yaliyotengenezwa kwa pesa nyingi kuliko lake.

Shokapu za AGX, za kampuni ya KYB ya Japani, nilizijaribu pia kwenye Impreza nyingine. Zina hatua nne zinazoeleweka, unazifunga bila kukata chochote, na kama ningezipata mpya kwa gari langu siku ile huenda leo ningekuwa naandika habari zake. Lakini kitufe chake kinakaza pande zote mbili pamoja, shokapu inapobonyea na inapojinyoosha. Uwanja tunaotumia una viungo vya zege na mabonde madogo, na ukikaza kubonyea gari linarukaruka juu yake. Mimi nilitaka kukaza kujinyoosha peke yake. Koni za njano, za aina ya Sport, hukaza kujinyoosha peke yake.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wengi hununua kwa kuhesabu milio. Shokapu haipunguzi uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona. Huo unaamuliwa na uzito wa gari, kimo chake, upana wake na ukali wa kona yenyewe. Shokapu inaamua uzito utafika kwa haraka kiasi gani. Unapokata, springi za upande wa ndani wa kona zinataka kujinyoosha na kuuinua mwili. Ukikaza kujinyoosha, mwili unazuiwa kuinuka ghafla, na kwenye koni zinazofuatana gari linakuwa tayari kwa upande wa pili. Ukizidisha, ubaya wake ni mkubwa: springi inakosa muda wa kurudi kabla ya bonde linalofuata, gari linazidi kuzama kila linapogongwa, mwisho linatua kwenye raba za kikomo cha shokapu na tairi halishiki tena.

Nililipa chini kidogo ya dola 800 kwa Koni zote nne. Sasa kazi. Kwa WRX hii Koni haiji kama shokapu nzima. Ni kitumbo cha ndani, na ganda unalitoa kwenye shokapu yako ya zamani. Unatoboa ganda, unamwaga mafuta, unakata juu, unavuta matumbo ya zamani, unatoboa chini katikati, unatumbukiza kitumbo kipya na kukikaza kwa bolti inayopita chini. Kaka mmoja wa Morogoro mwenye gereji hapa alinisimamia. Aliponiona nimeshika grainda kabla sijatoboa, aliiondoa mkononi mwangu: "Mdogo wangu, hiyo ina gesi na mafuta ndani. Toboa kidogo kwanza, ipumue." Msikilizeni. Vaeni miwani pia.

Jambo lililoniokoa ni kwamba sikukata shokapu zilizokuwa kwenye gari. Nilinunua nne zilizochoka kwenye uwanja wa magari mabovu kwa dola 80, nikazikata jioni tatu bila haraka huku gari likinipeleka kazini. Hakikisha ni za WRX ya kawaida. Za STI, toleo kali zaidi la gari hili, zimegeuzwa juu chini ndani yake na hazifai kwa kazi hii.

Kurekebisha ni kwa kitufe kinachokaa juu ya fimbo ya shokapu. Mbele unafungua boneti, sekunde tano. Nyuma kwenye sedani yangu natoa mgongo wa kiti, kwa hiyo siku ya mashindano nauacha nyumbani... la, sheria haziruhusu kuuacha. Nauacha umelegezwa asubuhi kisha naukaza kabla ya kukimbia. Ni usumbufu na sitaufanya uonekane mdogo. Seti yangu ina takriban mizunguko miwili toka laini hadi ngumu, na haina milio, basi niliweka alama kwa rangi nyeupe.

Nilijaribu hivi siku moja, njia moja, tairi zile zile na upepo ule ule: mzunguko wa kwanza laini kabisa, wa pili kitufe cha mbele nimekizungusha robo tatu toka laini na cha nyuma duara moja kamili, wa tatu nikarudi laini. Ule wa katikati ulikuwa haraka kwa zaidi ya nusu sekunde kuliko wa kwanza, na wa tatu ukarudi polepole ingawa njia nilikuwa nimeizoea zaidi. Huo wa tatu ndio ulioniaminisha. Wa nne, kwa tamaa, nilikaza karibu na mwisho. Pua ikagoma kugeuka na nikasikia tairi za mbele zikipiga lami kama mtu anayegonga mlango. Nikaangusha koni tatu, sekunde 6 za nyongeza.

Barabarani narudisha laini, na mke wangu, ambaye ndiye hulala njia nzima kwenda kanisani, hajalalamika. Misimu miwili sasa, fimbo za shokapu ni kavu zote nne, hakuna inayotoa mafuta.

Mwenye gari la vumbi huko Nakuru asizifuate hizi kwa sababu yangu. Kule unahitaji urefu wa kubonyea na ganda nene kuliko kitufe. Kwa lami, na kwa springi za kiwandani, ningezinunua tena. Nyuma bado naona imekaza kidogo mvua ikinyesha. Tukio lijalo naanza na robo tatu pande zote.