Datsun 240Z: ya Mikindani au ya Masasi?

Nimekagua mbili za gari hili la zamani la Kijapani, zote zinauzwa. Ya Mikindani imepigwa rangi mpya, inang'aa. Lakini nilipoingia uvunguni na bisibisi, ncha ilizama kwenye chuma kama kwenye muhogo uliochemshwa: chumvi ya bahari imeila. Injini nayo si yake, imebadilishwa.

Ya Masasi imepauka, kiti cha dereva kimechanika. Ila bodi ni kavu, haina kutu, na namba ya injini ya silinda sita, lita 2.4, inalingana na ile ya kwenye kibati cha kiwandani. Thamani iko hapo. Aina hii ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ndiyo maana wanunuzi wanaitaka ikiwa na vyake vya asili. Kiti fundi atakishona. Mimi ningechukua ya Masasi, hata muuzaji akikaza bei.