Kivinjari kipi uweke kwenye simu: cha siri au kinachofungua kila tovuti?

Dukani kwangu Arua Park, Kampala, kutwa nawajazia watu fomu za pasipoti na TIN (namba ya mlipakodi). Siku moja mama mmoja alikaa karibu saa nzima tukijaza. Nikabonyeza "Lipa", ukurasa ukazunguka, ukaturudisha mwanzo. Mara tatu. "Mwanangu, pesa zangu ziko wapi?" Zilikuwa bado kwenye simu yake. Kivinjari changu kilizuia vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari ili ikutambue) vya tovuti ya pili, ile inayopokea pesa, na bila vidakuzi hivyo haikutukumbuka.

Tangu hapo kila kivinjari nakipima kwa swali moja: naweza kulegeza ulinzi kwa tovuti moja tu, nyingine zote zikabaki zimefungwa?

Ya kwanza ni Firefox. Gusa alama ya ngao kwenye upau wa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo, lipa, kisha uwashe tena. Kwenye Android inakubali uBlock Origin, kiongezi kinachozuia matangazo, na hapo bando linapona kweli, maana matangazo hayashuki kabisa.

Brave inafuata kwa karibu. Inatumia injini ile ile ya Chrome, hivyo ni tovuti chache zinazoigomea, na inazuia matangazo tangu siku ya kwanza. Ukiona ukurasa umekwama, gusa alama ya simba, zima ulinzi kwa tovuti hiyo. Mzee asiyependa kuhangaika na mipangilio ningemwekea hii kabla ya Firefox, ila ningemzimia mambo ya sarafu za kidijitali.

Chrome iwe ya akiba. Inafungua karibu kila kitu, lakini Google inaishi kwa matangazo, na mwaka 2024 iliacha mpango wake wa kuondoa vidakuzi vya wafuatiliaji.

Opera Mini inabana data vizuri, nzuri kwa kusoma habari. Ila ukiiweka kwenye hali ya kubana zaidi, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, na fomu ndefu hukatika. Nywila ya benki usiiandike humo. Tor, kivinjari kinachoficha ulipo, ni ya mwenye sababu nzito ya kujificha; kwa malipo itakuchosha.

Kivinjari chochote utakachochagua, nakili PRN (namba ya malipo unayopewa kwa ajili ya kulipa) kwenye karatasi kabla ya kubonyeza "Lipa". Ukurasa ukigoma, utalipa kwa mobile money kwa namba ile ile.